Kisa Kisichonyooka: Wanawake, Filamu na Nchi ya Sagalla



Aliyelitangaza jina la Tsavo duniani alikuwa mzaliwa wa Ireland. John Henry Patterson alizaliwa mwaka 1867 huko Forgney, Longford, akaingia jeshi la Waingereza, na mwezi Machi 1898 akafika Mombasa kusimamia ujenzi wa daraja la reli juu ya mto Tsavo. Yaliyofuata mmeyasikia tangu utotoni. Simba wawili madume, wasio na manyoya ya shingoni, waliwavamia wajenzi kwa miezi. Patterson aliwaua wote wawili Desemba mwaka huohuo. Mwaka 1907 alichapisha kitabu chake, na mwaka 1924 akaziuza ngozi na mafuvu kwa makumbusho ya Field mjini Chicago kwa dola 5,000. Zingali huko mpaka leo. Yeye alidai kwamba simba wale waliua watu 135. Wanasayansi waliopima mifupa na manyoya yao walikadiria mwaka 2009 kwamba walioliwa walikuwa kama 35.

Nimeanzia hapo kwa sababu niliombwa nizungumze juu ya filamu ya Ireland iliyoongozwa na mwanamke, na nisingependa mtu atoke hapa akidhani nimemletea habari ya mbali isiyomhusu. Ireland ilishafika hapa kwetu Sagalla zamani. Ilikuja na bunduki, ikaondoka na ngozi mbili, ikaacha kisa ambacho bado tunauziwa kwenye maduka ya watalii pale Voi.

Kisa hicho kimetengenezewa filamu zaidi ya mara moja. Mwaka 1952 ilitoka *Bwana Devil*, ambayo watazamaji waliivalia miwani maalumu ili simba waonekane kana kwamba wanarukia viti vyao. Hiyo ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya Marekani yenye rangi kutengenezwa kwa ufundi huo, na sehemu kubwa yake ilipigwa California. Mwaka 1996 ikaja *The Ghost and the Darkness*, iliyopigwa Afrika Kusini, na simba waliotumiwa walikuwa na manyoya mengi shingoni. Anayesimulia ndani yake ni Mwafrika anayeitwa Samuel, jukumu alilopewa mwigizaji mkubwa wa Afrika Kusini, John Kani. Lakini sikilizeni anasimulia nini: anasimulia ushujaa wa Patterson. Sauti ni yake, kisa si chake.

Kisa cha Patterson kimenyooka. Mgeni anafika, hatari inazuka, bunduki inalia, daraja linakamilika. Sisemi kwamba ni cha uongo. Simba walikuwepo, wafu walikuwepo, daraja lilijengwa. Ninachosema ni kwamba kisa kilichonyooka namna hiyo kina kiti kimoja tu, na kiti hicho kilishakaliwa. Wajenzi waliotoka India wamo ndani yake kama hesabu ya wafu. Wataita wako pembeni kabisa. Wanawake waliokuwa wakilima, wakizaa na kuzika katika vilima hivi mwaka uleule wa 1898 hawamo. Huwezi kuwaingiza kwa kuongeza sura moja katikati, maana kisa chote kimepangwa ili tumfuate mtu mmoja mpaka mwisho. Ukitaka mama wa Sagalla aonekane, lazima ukivunje.

Kazi hiyo ya kuvunja ndiyo iliyofanywa na mwanamke wa Ireland ninayetaka mumjue. Anaitwa Pat Murphy. Alizaliwa Dublin mwaka 1951, na katika ujana wake familia ikahamia Belfast, kaskazini, mji uliokuja kugawanyika kwa damu kati ya Wakatoliki waliotaka Ireland iwe nchi moja na Waprotestanti waliotaka kubaki chini ya Uingereza. Alisomea sanaa London. Mwaka 1981 alitoa filamu yake ndefu ya kwanza, *Maeve*, aliyoiongoza akisaidiana na John Davies, kwa fedha za Taasisi ya Filamu ya Uingereza. Ilipigwa Belfast kwenyewe, wakati vita vile vikiendelea na askari wa Uingereza wakizunguka mitaani na silaha.

Maeve ni msichana aliyekwenda kuishi London, na sasa amerudi nyumbani kuwatembelea wazazi na dada yake Roisin. Ukiutaja muhtasari huo peke yake, unaweza kudhani ni kisa cha kawaida cha mtoto aliyerudi kwao. Lakini filamu haikuambii uko mwaka gani. Unamwona Maeve mkubwa akiingia mlangoni, mara unamwona akiwa mtoto ndani ya gari la baba yake, mara msichana wa shule, kisha unarudi. Hakuna maandishi ya kukuonyesha tarehe wala muziki wa kukuarifu kwamba sasa tunakumbuka. Mtazamaji anatakiwa aunganishe mwenyewe. Na hivyo ndivyo mtu anavyoishi katika mji ambao kila kona ina habari ya zamani: anapita dukani kununua mkate, na papo hapo yuko katika siku ile alipokuwa na miaka minane na mawe yakirushwa.

Kuna jambo moja katika filamu ile nimelifikiria sana nikijiandaa kuja hapa. Baba yake Maeve, Martin, ni msimuliaji hodari. Ana hadithi zisizokwisha, na anapozisimulia huikabili kamera, anatutazama sisi usoni. Nyuma yake binti yake mdogo anazungukazunguka, hana la kusema, anasubiri. Murphy hamdhihaki mzee yule. Hadithi zake ni tamu na mapenzi yake kwa binti ni ya kweli. Lakini kamera imewekwa mahali ambapo huwezi kumsikiliza mzee bila kumwona mtoto asiyeulizwa kitu. Kwa pembe hiyo ya kamera mwongozaji amesema jambo ambalo hotuba ndefu juu ya haki za wanawake isingelisema vizuri zaidi. Wazee wangu, naomba mnielewe. Sisi Wataita tumelelewa na masimulizi ya wazee, na mimi ninayathamini kuliko nyumba na shamba. Swali ninaloleta ni hili: msichana aliyekaa nyuma ya mzee, akisubiri, yeye ameona nini?

Maeve mkubwa hatimaye anasema. Anapanda Cave Hill, kilima kinachoutazama mji wa Belfast, pamoja na Liam, kijana aliyempenda zamani, ambaye ameshikamana na harakati za ukombozi. Wanabishana. Liam anaamini kwamba nchi ikombolewe kwanza, mengine yatafuata. Maeve anajibu kwamba historia ambayo Liam anaililia haikumwekea mwanamke mahali, na hataki kusubiri. Mabishano yao ni marefu na mazito, na wapo wahakiki waliosema yamezidi, kwamba watu hawaongei hivyo. Mimi nayakubali. Hapa petu pia watu wakipanda kilimani na kuutazama mji wa Voi chini, huongea mambo ambayo hawangeyasema wakiwa barazani.

Miaka mitatu baadaye Murphy alitoa *Anne Devlin*, juu ya mwanamke aliyekuwa bega kwa bega na Robert Emmet katika uasi wa Dublin wa mwaka 1803. Emmet ana sanamu na nyimbo. Anne Devlin alikamatwa, akateswa, akafungwa gerezani Kilmainham, na hakumtaja mtu. Filamu imejengwa juu ya ukimya huo, na kwa hiyo ndani yake maneno ni machache na picha zinatulia kwa muda mrefu. Wale wanaopenda mapigano watachoka. Lakini niambieni, kwa picha za mapigano ungemwonyeshaje mtu ambaye ushujaa wake wote ulikuwa kunyamaza?

Najua swali walilo nalo walimu hapa. Filamu kama hizo, zilizovunjwa, zisizo na mwanzo na mwisho ulionyooka, je, watu wetu watazielewa? Swali hilo nimeulizwa na wasomi, tena kwa nia njema, na kila mara najibu kwamba lina historia, na historia yake si nzuri.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, ng'ambo tu ya mpaka, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Walitengeneza filamu fupifupi, wakazizungusha kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi jirani. Vita vilipoanza mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda kitengo cha filamu cha makoloni, na kiongozi wake, William Sellers, aliyewahi kufanya kazi ya afya Nigeria, aliweka kanuni za filamu za Mwafrika. Kisa kiende polepole. Kisiruke kutoka mahali hadi mahali. Kisionyeshe mambo mawili yanayotokea wakati mmoja. Ujanja wa kamera usitumike. Aliamini kwamba akili ya mtazamaji wa kijijini haiwezi kufuata mkato wa picha kama ifuatavyo akili ya Mzungu. Kanuni hizo zilifundishwa kama sayansi.

Ipo habari iliyoenea sana vitabuni kutokana na imani hiyo. Mwingereza mmoja aliyeitwa John Wilson aliandika mwaka 1961 kwamba watu wa kijiji fulani cha Afrika walionyeshwa filamu ya kama dakika tano juu ya usafi, bwana afya akiondoa maji yaliyotuama, hatua kwa hatua, polepole kabisa. Walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Walioitengeneza filamu hawakujua kama kuna kuku. Walipoirudia fremu kwa fremu walimkuta, ameshtuka, anapita pembeni ya picha kwa muda wa kama sekunde moja. Habari hiyo imesimuliwa miaka na miaka kama ushahidi kwamba Mwafrika hajui kutazama filamu.

Mimi naisoma kinyume. Watu wale waliona kitu kilichokuwepo kweli, ambacho mwenye filamu mwenyewe hakukiona. Waliona kuku kwa sababu kuku ndiye kiumbe pekee aliyetenda jambo lake mwenyewe katika picha nzima. Bwana afya alikuwa akifuata maagizo ya mwongozaji. Mwongozaji yeyote mwenye busara angewasujudia watazamaji wenye macho makali kiasi hicho. Badala yake waliandikwa vitabuni kuwa wajinga, na kwa sababu ya dharau hiyo vizazi vyetu vikatengenezewa filamu za kitoto. Anayesema leo kwamba watu wa Sagalla hawataielewa filamu isiyonyooka anarudia kanuni ya Sellers, hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Na Kiswahili kilikwisha kumjibu Sellers zamani. Ebrahim Hussein aliandika *Mashetani* mwaka 1971, tamthilia ambayo ndani yake mchezo unazaa mchezo mwingine na ndoto inaingilia mambo ya mchana. Penina Muhando aliandika *Nguzo Mama* mwaka 1982. Huyo naomba dada zangu wamtafute. Katika kijiji cha Patata wanawake wanajaribu kuisimamisha nguzo iliyoanguka, na Bi Msimulizi anaingia na kutoka, anaongea na sisi, anatukumbusha kwamba tunatazama mchezo. Ni mwaka mmoja tu baada ya *Maeve*. Mwanamke mmoja Dar es Salaam na mwingine Belfast, bila kujuana, walifikia uamuzi mmoja: kwamba maisha ya wanawake hayaenei ndani ya kisa kinachokwenda mbele tu.

Kwa upande wa filamu za Kenya safari ilianza na kisa kilichonyooka, na nasema hivyo kwa heshima. Anne Mungai alitoa *Saikati* mwaka 1992, filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuongozwa na mwanamke, juu ya msichana wa Kimaasai anayekimbia ndoa ya kulazimishwa. Ilifungua mlango. Judy Kibinge, Hawa Essuman na wengine wakapita, kila mmoja kwa njia yake. Aliyeuvunja uzi kwa ujasiri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Wanuri Kahiu, na filamu yake ninayoitaka hapa ni ile ya mwaka 2009, *Pumzi*. Wengi wanamjua kwa *Rafiki*, iliyosimulia mapenzi ya wasichana wawili, ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa na tamasha la Cannes mwaka 2018, ikapigwa marufuku nyumbani, kisha ikaruhusiwa na Mahakama Kuu kwa siku saba. Kelele za kesi hiyo zimeifunika *Pumzi*, na hilo linanisikitisha, kwa sababu *Pumzi* inatuhusu sisi wa nchi kavu kuliko filamu nyingine yoyote iliyowahi kutengenezwa na Mkenya.

Tumo katika wakati ujao, miaka 35 baada ya vita vya tatu vya dunia, vita vilivyopiganiwa maji. Nje kumekauka, na watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa liitwalo Maitu. Kila mtu ana kipimo chake cha maji. Jasho na mkojo husafishwa vikanywewa tena. Umeme unatoka kwa watu wanaokimbia juu ya mashine. Kuota ndoto ni kosa, na mtambo ukigundua umeota unaamriwa umeze dawa ya kuzuia ndoto. Asha, anayeigizwa na Kudzani Moswela, ni mtunzaji wa makumbusho ya viumbe asili. Siku moja analetewa kiboksi cha udongo kisichoandikwa kimetoka kwa nani. Anaunusa udongo, na mti unamjia akilini. Udongo una unyevu. Anapanda mbegu ndani yake, inachipua. Wakubwa wanamwambia kwamba nje kumekufa na hatakiwi kwenda. Anatoka kwa siri, akisaidiwa na mwanamke mfanyakazi wa usafi ambaye Asha aliwahi kumgawia maji.

Hakuna mazungumzo ya mdomo kama tulivyozoea. Watu wanawasiliana kupitia mitambo, nyuso zimetulia, midomo haifunguki. Nilipoiona mara ya kwanza jambo hilo lilinichosha, na baadaye ndilo lililonishika, maana katika jengo ambalo hata ndoto inachunguzwa, mtu angeongea na nani? Kisha Asha anatembea jangwani na mche wake. Mahali alipodhani ataukuta mti hakuna mti. Anapanda mche. Anaumwagilia maji yake ya mwisho, anaongeza jasho lake mwenyewe, anaukinga jua kwa kitambaa na kwa mwili wake, na pale anabaki. Kamera inapanda juu, na kutoka pale alipolala mti unakua. Mwaka uleule Kahiu alikuwa amekamilisha filamu ya kumbukumbu juu ya Wangari Maathai, na ukizitazama zote mbili utaona jinsi maisha ya kweli ya mpanda miti yalivyogeuzwa kuwa ndoto ya karne ijayo.

Filamu hiyo ilipigwa Afrika Kusini na ilionyeshwa Sundance, Marekani, Januari 2010. Lakini nchi inayoisema ni hii. Chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, zinatoa maji yanayokwenda Mombasa kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950. Bomba linapita katika kaunti yetu, na malalamiko ya wakazi kwamba maji yanawapita mlangoni yamesemwa bungeni na barazani kwa miongo. Hifadhi za Tsavo zimechukua karibu asilimia 62 ya ardhi ya Taita Taveta. Mtu wa Sagalla hahitaji kuelezwa maana ya kupimiwa maji wala ya kuambiwa kwamba ardhi ile pale haiingiliki. Nikimwonyesha *Pumzi* mtazamaji wa London, nitamfafanulia. Hapa nitanyamaza.

Basi filamu ya Sagalla yenyewe ingekuwaje? Naomba nikae na jambo hili kidogo, maana ndilo lililonileta.

Tuchukue usiku mmoja wa msimu wa mavuno. Mahindi yamekomaa, pojo ziko tayari, na ndovu wametoka Tsavo Mashariki. Mama yuko kwenye dungu analinda shamba. Ana kurunzi, debe la kupiga, na mtoto aliyelala miguuni. Mara nyingi hakuna kinachotokea mpaka alfajiri. Wapiga filamu wa wanyama, wanaokuja hapa na kamera za bei kubwa, hawana haja na usiku wa namna hiyo. Wao wanamsubiri ndovu, na ndovu akifika wanamfuata yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyekalia kiti. Lakini kwa mama yule, kisa ni kule kungoja. Ni miezi ya usingizi uliokatwa, ni mtoto anayesinzia darasani kesho yake, ni hesabu ya magunia anayoifanya kichwani kila tawi linapovunjika gizani.

Je, kungoja kunaweza kuwa filamu? Chantal Akerman, Mbelgiji, alikuwa na miaka kama 25 alipotengeneza *Jeanne Dielman* mwaka 1975, filamu ya dakika 201 juu ya mama wa nyumbani anayemenya viazi, anayetandika kitanda, anayepika. Kamera haisogei. Tunamtazama akimenya mpaka amalize. Mwaka 2022 wahakiki wa dunia walioulizwa na jarida la *Sight and Sound* waliitaja kuwa filamu bora kuliko zote. Kwa hiyo kazi ya mama, kwa urefu wake halisi, ilikwisha kuthibitishwa kuwa kitu cha kutazamwa, na dungu la Sagalla lina hatari ambayo jiko la Brussels halikuwa nayo.

Tena hapa kuna sauti. Tangu mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Lucy King wamefanya kazi na wakulima wa Sagalla kujenga ua wa mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, mizinga ikining'inizwa kila baada ya mita 10 na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, ndovu anageuka. Habari hiyo imetangazwa dunia nzima, na ni habari njema. Ila kila mara imesimuliwa kwa unyoofu uleule: tatizo, mtaalamu, suluhisho. Mwongozaji aliyezaliwa hapa angeweza kuanza na giza tupu na mvumo wa nyuki, asituonyeshe ndovu hata kidogo, na akatuacha tusikie shamba linavyosikiliza.

Na katika usiku uleule, juu ya dungu lilelile, miaka mingine ingeweza kuingia bila kubisha hodi, kama anavyofanya Murphy. Mwaka 1883 mmisionari J. A. Wray anafika kwenye kilima hiki. Mwaka 1884 njaa kubwa inawatawanya watu. Mwaka 1915, Wajerumani walipouteka mlima Kasigau, Waingereza waliwashutumu Wakasigau kwamba waliwasaidia adui, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi, na wengi wakafia huko kwa maradhi. Waliobaki walirudi baada ya miaka mingi. Haya si mambo ya kuandikiwa maelezo chini ya picha. Mama aliyesinzia kwenye dungu la leo anaweza kuamka na kukuta njia ya chini imejaa watu wenye mizigo wanaosukumwa na askari kwenda pwani. Anawatazama. Mmoja anamwomba maji. Kisha kunapambazuka, na mtoto anaulizia chai. Mtazamaji wa hapa hatahitaji tarehe. Ataujua uso wa mtu wa ukoo wake.

Atakayesema kwamba hakuna fedha, amesema kweli, na sitaki kulipita jambo hilo haraka kwa maneno ya kutia moyo. Filamu ya kuigiza ni ghali hata ikiwa ndogo. Kwa sheria ya filamu ya Kenya, Sura ya 222, ambayo asili yake ni mwanzoni mwa miaka ya 1960, kupiga filamu kunahitaji leseni na kuionyesha kunahitaji kuainishwa na bodi. Kijana mwenye simu nzuri anaweza kupiga picha usiku mzima, lakini sauti ataipata mbaya, na filamu niliyoieleza inaishi kwa sauti. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wasichana wa shule za upili walioko hapa ni wa kazi. Anzeni na kinasa sauti kabla ya kamera. Nendeni kwa bibi zenu, mkawarekodi kwa Kisagalla, si kwa Kiswahili cha mtihani, na msiwakatize wanaporuka kutoka habari moja hadi nyingine. Mkawaulize walichokiona walipokuwa wasichana wakikaa nyuma ya wazee waliokuwa wakisimulia. Mrekodi pia usiku: dungu, debe, nyuki, mbwa, lori kwenye barabara kuu, treni ya SGR ikipita. Mkiwa na saa nyingi za sauti hizo, mtajua wenyewe picha gani zinahitajika, na zitakuwa chache kuliko mnavyodhani.

Kina mama, nanyi nina ombi kwenu. Watoto hawa watakapokuja na maswali, msiwapangie kisa kikae vizuri. Waambieni kama kinavyokuja.

Mwenyekiti, kwa idhini yako, tuwashe projekta. *Pumzi* ni ya dakika 21 hivi. Ikimalizika sitaifafanua. Nitaomba kila atakayesimama atuambie kwanza kitu kimoja alichokiona pembeni ya picha, na tutaanza na wale waliokaa nyuma.